Waziri wa Jua na Mayai ya Mabanzi

Hapo juzijuzi, wala si kale, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Ng'ambo Hii. Msiulize iko wapi. Kuna bwana mmoja aliuliza, akaelekezwa vizuri kabisa, pita hapa, kunja pale, akafuata maelekezo mpaka mwisho, akajikuta amesimama mlangoni kwake.

Nchi hiyo ilikuwa na serikali yenye huruma. Iliwapenda wananchi wake hata ikawa haitaki kuwasumbua kwa kuwapa vitu. Chukueni mtaa wa Mabanzi, uliojengwa kwa mabanzi ya mbao na mabati yaliyokwisha kuiona dunia. Mtaa huo haukuwa na umeme. Nyaya nene zilipita juu yake zikielekea kwenye majumba ya vioo kule mlimani, zikivuma kutwa nzima kama nyuki wenye safari zao. Watu wa Mabanzi walipokwenda Shirika la Umeme kuomba washushiwe angalau waya mmoja, walijibiwa kwa adabu kwamba mtaa wao haupo kwenye ramani, na kitaalamu umeme hauwezi kufika mahali ambapo hapapo. Mtoza ushuru, ambaye hakusomea ramani, alikuwa anafika bila taabu.

Katika mtaa huo usiokuwepo ndiko alikoishi Bi Staajabu binti Mfaume, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Dunia ilikuwa imemfunda kwa mateke. Mumewe alitoka jioni moja kwenda kununua kiberiti, akaoa hukohuko. Bi Staajabu alipopata habari alikwenda jikoni, akatikisa kiberiti cha zamani, akakuta njiti bado zimo, akasema basi hakuna kilichopungua humu ndani.

Cherehani aliyoachiwa na mama yake aliiuza, akanunua paneli moja ya sola, kubwa kama mlango, akaipandisha juu ya paa. Kisha akatafuta friji bovu. Fundi akalitoboa matundu, akalifungia balbu na kipimajoto, akaliunganisha na betri ya gari ili lipitishe usiku. Friji hilo, ambalo enzi za uhai wake lilikuwa likigandisha maiti za kuku, sasa likaanza kutoa kuku hai. Watu wakaacha kusema kwa Bi Staajabu, wakawa wanasema Leba, kama wodi ya wazazi. "Nimepeleka mayai Leba," mtu alisema, na kila mmoja akaelewa.

Mwaka ninaousimulia, mdondo ulikuwa umepita Mabanzi. Kuku walikufa wamesimama, wakafa wamelala, wakafa hata waliokuwa wameuzwa lakini hawajachukuliwa. Mtaa ulibaki bila jogoo wa kuwika, watu wakawa wanachelewa makazini na kuitwa wavivu. Walisalia matetea wachache tu, tena wa kuhesabika kwa majina. Wenyewe walikaa wakakubaliana: tetea akiatamia mwenyewe ataacha kutaga, basi mayai yote yapelekwe Leba, matetea waendelee na kazi. Bi Staajabu aliyapokea, akaandika kwa kalamu kwenye kila ganda alama ya mwenyewe, akayapanga ndani ya friji kama anayelaza wagonjwa. Mayai yale ndiyo yaliyokuwa kuku wa Mabanzi. Yakifa, mtaa ungebaki na manyoya ya kusafishia masikio.

*

Wakati huohuo Mtukufu Kiongozi alirudi kutoka ziara ya nje. Huko alikokwenda alikuta taa zinazowaka zenyewe mtu akipita, na mapipa ya taka yanayosema asante. Inasemekana alisimama mbele ya pipa moja akatokwa na machozi, kwa maana kwao hata makatibu wakuu hawakuwa wanasema asante. Aliposhuka kwenye ndege hakungoja hata zulia likunjwe. Akaagiza nchi nayo ipate mji wenye akili.

Baraza la Istilahi likakaa. Maneno "mji wenye akili" yalikataliwa mapema, kwa hofu kwamba mji mkuu, ambao hautakuwemo kwenye mradi, ungeona umetukanwa. "Mji mwerevu" lilikuwa zuri, lakini mjumbe mmoja alikumbusha kwamba mwerevu hajinyoi, hunyolewa, na serikali haikuwa tayari kunyolewa na mtu, hata na yenyewe. Mwishowe likapita neno "janja", kwa kuwa ni fupi na litaokoa rangi kwenye mabango. Mradi ukaitwa Mtaa Janja, na ikaamuliwa uanzie Mabanzi, kwa sababu ya kitaalamu kwamba mahali ambapo hapapo hapawezi kuharibika.

Watu wa Mabanzi walipoona bango limesimikwa, KARIBU MTAA JANJA, hawakushangaa. Walisema serikali imechelewa tu kukiri.

Ikaundwa Wizara ya Jua, akapewa Mheshimiwa Dakta Fulgensi Makumbato, mtu wa kitambi cha heshima na sauti ya kuazima kutoka kwenye spika. Hotuba yake ya kwanza bungeni inakumbukwa hadi leo.

"Waheshimiwa," alisema, "tangu tupate uhuru, jua la nchi hii limekuwa likichomoza kiholela. Linachomoza bila kibali, linamwakia mwenye nacho na asiye nacho bila kubagua, halafu jioni linaondoka bila kukabidhi ofisi kwa mtu yeyote. Hali hii haiwezi kuvumiliwa."

Bunge likapiga meza. Ikapita sheria kwamba jua lote linaloanguka ndani ya mipaka ni mali ya umma, na kwamba mwenye kifaa chochote cha kulikamata atakisalimisha, ili kiunganishwe na Nguzo Janja. Nguzo hiyo ndefu ingesimikwa kila mtaa, ikusanye jua la watu wote, kisha iligawe kwa hekima.

*

Kwanza ilibidi ijulikane ni nani anaficha nini. Akatumwa Bwana Elikana, Afisa Jua wa Kata, kijana nadhifu aliyebeba kishikwambi ndani ya mfuko wa plastiki kisije kikapata vumbi. Maagizo yake yalikuwa mafupi. Aulize swali moja, kama lilivyoandikwa, asiongeze neno wala kufafanua, asije akawashawishi wananchi. Swali lenyewe lilikuwa hili: Una jua?

Sasa hapo wataalamu walisahau mambo mawili. Swali lile kwenye karatasi lina nafasi katikati, lakini mdomo wa mtu hauachi nafasi. Una jua, unajua, likishatoka kinywani ni lilelile. Tena wakasahau wanamuuliza nani. Mabanzi hakuna mtu anayesema sijui. Mtu wa Mabanzi yuko radhi atoke nje bila suruali, atasema ni joto, lakini sijui haimtoki. Mgeni akiuliza njia ya hospitali ataelekezwa na watu watano, kila mmoja upande wake, wote kwa uhakika kamili, na akifia njiani watakuwepo wa kueleza ugonjwa uliomuua.

Bwana Elikana akaanza na muuza kahawa.

"Una jua?"

"Najua," akajibu muuza kahawa, bila kuinua macho kwenye birika.

Elikana akabonyeza: analo. Akaenda kwa kinyozi, akamwuliza. Kinyozi akasema anajua sana. Kishikwambi kikaandika: analo, kubwa. Bibi mmoja muuza vitumbua akasema yeye anajua tangu yungali msichana, ikaandikwa kwamba analo, chakavu. Alipofika kwa Kibwana Pazi, mjumbe wa mtaa, alimkuta amekaa na wakwe zake. Mjumbe aliona kuulizwa swali kama lile mbele ya wakwe ni kuvunjiwa heshima, akajibu kwamba anajua kuliko huyo aliyemtuma. Kishikwambi hakikuwa na kitufe cha jibu hilo. Kikalipeleka chenyewe Idara ya Usalama.

Ikabaki Leba. Bi Staajabu alikuwa kona ya ndani, gizani, tochi mkononi, anamulika mayai moja moja kutazama lipi lina uhai. Hiyo si kazi ya kuzungumza na mtu. Elikana akapiga hodi, akachungulia, akauliza. Bi Staajabu, akili yote iko ndani ya yai, akasema kitu ambacho hakijapata kusemwa Mabanzi.

"Sijui, baba, wala sitaki kujua. Rudisha pazia."

Elikana alirudisha pazia, akasimama nje akiwa na simanzi. Mtaa mzima watu wana jua, mpaka bibi wa vitumbua, isipokuwa mama huyu mmoja. Akaandika: Hana jua, wala hataki. Juu ya kichwa chake paneli kubwa kama mlango ilikuwa inametameta, lakini maagizo hayakumtaka atazame juu.

*

Malori yalikuja Jumatatu. Muuza kahawa akaambiwa atoe jua. Akauliza jua lipi. Akaambiwa ulisema una jua. Akasema nilisema najua. Wakamwambia ndilo hilohilo, lilete.

Hapo ndipo watu wa Mabanzi walipokamatwa pabaya. Kueleza kwamba hawakulielewa swali ingekuwa ni kusema hawakujua, na hilo haliwezekani. Wakawaachia wenye malori njia. Nao wenye malori walikuwa na idadi ya kufikisha. Wakachukua kila kinachong'aa. Walibeba masinia ya harusi, wakabeba kioo cha kinyozi na mteja kanyolewa nusu, na mwisho wakapanda mapaa wakang'oa mabati. Jioni ilipofika, nyumba za wote waliojua zilikuwa wazi kama vikapu. Sasa jua wakawa nalo kweli, la moja kwa moja, mpaka chini ya mto.

Kwa Bi Staajabu askari mmoja alipanda, akaita kutoka juu kwamba afande, huku kuna sola.

Elikana, aliyefuatana na malori, akatazama kishikwambi. "Haipo," akasema.

"Nimeishika, afande."

"Hicho ulichokishika kitakuwa kitu kingine. Huyu mama imeandikwa hana."

Askari akakitazama kile kitu kingine, akashuka, akajipangusa mikono kwenye suruali. Bi Staajabu aliyekuwa mlangoni hakutia neno. Maisha yalikuwa yamemfunza kwamba serikali ikikosea kwa faida yako, usikohoe.

Lakini bahati ya maskini haikai, huja kusalimia tu. Huko wizarani mashine kubwa iliulizwa: katika mtaa wote wa mradi, ni nani fukara wa jua kupita wote? Ikatema jina moja.

Mjumbe Kibwana Pazi ndiye aliyeleta habari, amevaa koti juu ya kanzu kwa uzito wa jambo. Alimpongeza Bi Staajabu kwa niaba ya mtaa. Akamwambia Waziri mwenyewe anakuja kuizindua Nguzo Janja uani kwake, televisheni itaonyesha moja kwa moja, na yeye ndiye atakayekuwa mwananchi wa kwanza kutolewa gizani. Ila kuna sharti dogo. Kamati ya Maandalizi ilikuja jana yeye Bi Staajabu akiwa sokoni, ikapima giza la nyumba yake kwa kifaa, ikakuta halitoshi. Madirisha yazibwe. Na kile kibao cha juu ya paa, ingawa si sola, kwenye televisheni kinaweza kufanana na sola. Kitafunikwa kwa turubai tangu alfajiri ya siku hiyo.

Bi Staajabu aliuliza siku hiyo ni lini. Alipoambiwa Alhamisi, akakaa chini.

"Mjumbe, mayai yanatotoa Alhamisi. Ukifunika paneli, betri ile kongwe haifiki hata adhuhuri. Vifaranga vitafia ndani ya ganda, vimeshapumua."

"Ni saa chache tu, Bi Staajabu. Vumilia."

"Mimi nitavumilia. Yai hulijui wewe. Na yako yamo humo."

Mjumbe akatazama dari, kama viongozi wafanyavyo jambo likiwagusa. "Ya yule tetea mweupe?"

"Ya yule mweupe."

Akavuta kifungo cha koti mpaka kikakaribia kung'oka. Kisha akasema polepole, "Basi sikia. Mimi kama mjumbe nasema pafunikwe. Mimi kama mwenye kuku, sikufika hapa leo." Akaondoka.

*

Alhamisi Waziri alitarajiwa asubuhi, kwa hiyo mchana ulipowadia hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye. Wasiwasi ulikuwa ndani. Turubai lilikuwa juu ya paa tangu alfajiri, askari wawili wanalilinda. Kwenye friji balbu zilianza kuwa za njano, kisha nyekundu kama jicho la mlevi, na mshale wa kipimajoto ukawa unateremka. Bi Staajabu aliweka sikio kwenye ganda moja. Akasikia ndani kunagongwa, kwa udhaifu, kama mtu anayepiga hodi na hategemei kufunguliwa.

Akamwita shoga yake Mwantumu, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mdondo ulimbakishia tetea mmoja mwenye kishungi na hasira.

"Shoga," akamwuliza, "kuku asiye na umeme hufanyaje?"

"Si anaatamia?"

"Haya. Ita watu."

Wakaja kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kama wanaokwenda kuzuru wodi. Bi Staajabu akawagawia. Wanawake waliyafunga vifuani ndani ya kanga. Wanaume walipewa ya makwapani, kila kwapa moja, na wazee wenye kofia wakawekewa utosini kisha wakafunikwa. Kila mtu alichukua ya kwake na ya jirani. Mjumbe Kibwana Pazi naye alikuja, akageuka ukutani, akafungua koti bila kusema ni kwa wadhifa gani. Masharti ya Bi Staajabu yalikuwa mafupi kuliko ya Kamati: usisimame haraka, usicheke, usiinue mkono, na ukisikia unadonolewa, vumilia.

Msafara wa Waziri ulipotua, ulikuta wananchi wamekaa kwenye viti vya plastiki, wima, mikono imebana ubavuni, nyuso zimejaa uangalifu. Maofisa walifurahi. Walisema hawajapata kuona umma wenye nidhamu namna ile.

Waziri alivuta kitambaa, Nguzo ikatokea. Ilikuwa na paneli juu, taa, jicho la kamera, na kipaza sauti kilichounganishwa na kipimo cha furaha ya wananchi. Akabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Kwa kuwa lilikuwa jua kali la mchana, hakuna aliyeona kama imewaka, ikabidi mtaalamu apande ngazi, aiguse, aungue kidole, ndipo athibitishe. Waziri akaeleza kwamba Nguzo itawaka mchana tu, jua likiwepo. Betri ziko kwenye bajeti ijayo, na hata hivyo usiku ni wakati wa kulala, serikali haipendi wananchi wake wakeshe.

Akanyamaza, ili apigiwe makofi.

Pakawa kimya. Mahali fulani mbuzi alikohoa.

"Makofi, hakuna," ikasema Nguzo kwa sauti nzuri ya kike. "Tafadhali rudia."

Waziri akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Nguzo ikamwambia arudie. Akaacha kusoma, akaanza kuahidi. Aliahidi nguzo ya pili, akaahidi daraja, na alipoona hata daraja haliwatikisi, akaahidi mto wa kupita chini yake. Watu walikaa kama waliopakwa lami. Nyuma ya jukwaa, maofisa wa usalama wakaanza kunong'ona kwamba huu ni mgomo, tena wa aina mpya, wa kukalia. Wingu likapita, Nguzo ikazimika; wingu likaondoka, Nguzo ikaamka ikiwa imesahau kila kitu, ikasema karibuni Mtaa Janja, makofi, hakuna.

Ndipo kutoka ndani ya koti la Mjumbe kikatoka kisauti.

"Piu."

Waziri akakatisha mto. Mjumbe akatazama mbele, jasho linamchuruzika, kwa kuwa kitu kilikuwa kinamtembea ubavuni kwa kucha. "Piu," kifua cha Mwantumu kikajibu. Halafu kofia ya mzee mmoja. Halafu mstari mzima.

Mkuu wa usalama alikuwa amefunzwa kwamba kitu kidogo kinacholia ndani ya nguo ya mtu si kheri. Akachomoa silaha, akaamuru kila mmoja ainue mikono juu. Hakuna aliyeinua. Akaamuru tena, na safari hii askari wake wakapiga hatua moja mbele. Mwantumu alifumba macho, lakini mikono yake ilibaki palepale.

Bi Staajabu akasimama, taratibu, kama mwenye mtungi kichwani. Kanga yake ilikuwa imetuna pande zote.

"Mheshimiwa," akasema, "mikono haiwezi kupanda. Tumeatamia."

Neno hilo Waziri alilifahamu vizuri. Kule serikalini lilikuwa la kila siku: watu waliatamia viwanja, waliatamia mafaili, waliatamia vyeo hadi wakazikwa navyo, wala hajapata kusikia hata mmoja aliyetotoa. Akauliza, kwa sauti iliyopungua, wameatamia nini.

"Mayai. Kuku wote wa mtaa huu ndio haya. Joto lao lilikuwa linatoka pale juu, mkalifunika ili muje kutupa mwanga." Akaonyesha turubai kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kazi. Kisha akatembea mpaka jukwaani, na askari wakampisha, kwa kuwa hakuna mafunzo yanayoeleza namna ya kumzuia mtu mwenye mayai. Akachomoa moja lililokuwa na ufa na tundu, na ndani ya tundu ncha ya mdomo inahema. "Hili la Mwantumu. Limeanza kudonoka na mimi sina tena pa kuliweka. Shika. Usilibane, usiliachie."

Kamera zote zilikuwa zinamtazama. Waziri akatafuta msaidizi wa kumkabidhi, lakini wasaidizi walikuwa wamejitenga ili wasiharibu picha. Akalipokea kwa mikono miwili. Upepo ukachukua hotuba, karatasi kwa karatasi, naye hakuwa na mkono wa kuizuia, wala kidole cha kunyooshea mtu. Akanyamaza. Watu wa Mabanzi walimsikia kwa mara ya kwanza akiwa kimya, na ikabidi wakubali kwamba ukimya wake ulikuwa mzuri.

Bi Staajabu akamgeukia yule askari wa juzi. Akamwambia, "Baba, wewe ulikigusa kibao changu, unakifahamu. Nenda kakifunue."

Askari akamtazama Bwana Elikana. Elikana akatazama kishikwambi, akakipekua juu na chini, akapekua tena. Hakikuwa na agizo lolote linalokataza kufunua kitu ambacho hakipo. Akatikisa kichwa kukubali, na turubai likaanguka.

Ndani ya friji balbu zikatoka kwenye nyekundu, zikaja njano, zikawa nyeupe. Mwantumu, aliyekwisha kunyata akaingia kutazama, akapiga kelele kutoka ndani kwamba mshale unapanda. Hapo viti vya plastiki vikaachwa. Watu wakaingia Leba kwa foleni, mikono ingali imebana, wakitoa walivyobeba: huyu mayai, huyu vifaranga, huyu ganda tupu na kilio kinachotoka sijui wapi, mpaka Mjumbe alipovua koti lote wakakiona kinamning'inia kwenye bega. Hata mzee mmoja aliyelala kwenye hotuba aliamka akakuta kofia yake imetotoa.

Kule jukwaani yai la Mwantumu likapasuka. Kikatoka kitu kimelowa, kibaya, kama tambara la kufutia chungu, kikalala kwenye kiganja cha Waziri kikihema. Waziri akakitazama kwa muda mrefu. Maofisa wake, ambao hawakuwa na yai hata moja, wakapiga makofi. "Makofi, yapo," ikasema Nguzo, na sherehe ikafungwa. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwa herufi kubwa: WAZIRI ATOTOA.

Bi Staajabu hakungoja magazeti. Alikuwa ndani anapanga, ganda kwa ganda, alama kwa alama, kila mtu na chake. Vyote vikatimia isipokuwa kimoja. Akatoka nje mbio. Msafara ulikuwa umeshawashwa, ving'ora vinaanza kulia. Akaenda akasimama mbele ya gari kubwa jeusi, akagonga boneti kwa kiganja, kisha akazunguka mpaka dirishani. Kioo kikashuka kidogo.

"Mheshimiwa, kifaranga cha watu."

"Kifaranga kipi, mama?"

Na tusimsingizie, alikuwa anasema kweli. Mkono wake ulikuwa na uzoefu wa miaka mingi katika utumishi wa umma. Ulipopewa mali ya wananchi uishike kwa muda, haukuona haja ya kumsumbua mwenyewe kwa kumwuliza pa kuiweka.

"Piu," likasema koti lake.

Waziri akainamisha uso, akatazama mfuko wa koti kama anayetazama mfuko wa mtu mwingine. Mpiga picha mmoja alikuwa ameshafika dirishani. Bi Staajabu alinyoosha kiganja chake kikiwa wazi. Polepole vidole viwili vikazama mfukoni, vikapapasa huku na huko kwa muda, vikaibuka na kifaranga kilichokwisha kukauka, cha manjano, kimekasirika kama mama yake.

Bi Staajabu akakipokea, akakipuliza manyoya, akakitia kwenye kanga, akapisha gari lipite.

Wazee wa Ng'ambo Hii wanasema ndiyo mara ya kwanza, tangu nchi ile ipate bendera, kitu cha umma kuingia mfuko wa waziri kikatoka kikiwa hai.